Mayai Yangu na Mwaka wa Mafuriko

Tulimzika Mukaka mwezi wa nane, siku kavu, jua kali, vumbi mpaka puani. Mukaka ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu Bwera. Baada ya maombi, wakati watu wanakula bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake, kikongwe mmoja rafiki yake alisimama aseme neno la mwisho. Alikohoa, akashika fimbo yake vizuri, akasema, "Wenzangu wa darasa la nne, sasa tumebaki wanne." Basi wale bibi wengine wakaangua kicheko. Walicheka mpaka katekista akafunga kitabu chake, na mimi mwenye msiba nikacheka huku nalia, machozi na kamasi vinashindana. Vijana walitutazama kama watu waliorogwa, maana wanajua vizuri kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale bibi aliyewahi kusoma, si darasa la nne, si la kwanza. Binti wa dada yangu akanivuta nguo: "Mama mdogo, mnacheka nini kwenye kilio?" Nikamwambia ni habari ndefu, tena ina mvua nyingi. Nimeona bora niiandike, kabla wale wanne hawajawa watatu.

Mwaka wa mafuriko nilikuwa na miaka ishirini, na korona ilikuwa bado haijasikika. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme yenyewe iliniacha, nikashuka kutoka Bwesumbu, mlimani, kuja kukaa na Mukaka katika vyumba vyake viwili kando ya barabara ya Mpondwe, iendayo mpaka wa Kongo. Habari za baba na mama nitaziruka, maana hazina yai hata moja. Kilichoniwasha kichwa ni semina ya siku mbili niliyokwenda Kasese, ambako bwana mmoja mwenye tai fupi alituonyesha sanduku la mbao lenye balbu mbili na bakuli la maji ndani. Alisema sanduku hilo linaatamia mayai vizuri kuliko mtetea yeyote, tena halina chawa, halina hasira, halidonoi mtu. Nilirudi Bwera nimekaa nyuma ya lori la vitunguu, na kabla hatujafika nilikuwa nimeshafuga kuku elfu moja kichwani, nimewajengea banda, nimelipaka rangi ya bluu, na nilikuwa nasita tu kama mlango utazame barabara au mto. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Hata leo mume wangu akiniona nimetulia sana ananiuliza, "Unajenga nini?"

Fundi aliyenitengenezea sanduku alikuwa hodari wa majeneza, na mkono wake haukujua umbo lingine. Siku tulipolipitisha barabarani kuja nyumbani, watu wawili walivua kofia, na mama mmoja alinifuata mpaka mlangoni kunipa pole. Tuliliweka sebuleni, chini ya kalenda, karibu na kiti cha Mukaka, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi yetu ya pekee. Mukaka alikizunguka kile kitu mara moja, mikono nyuma, kama afisa wa forodha anayekagua mzigo.

"Kuku ana mama," akasema. "Wewe unataka kumpa balbu?"

"Balbu haichoki, Mukaka."

"Haichoki? Hii hii inayokimbia mawingu yakipiga chafya?"

Na kweli, mwaka ule mawingu yalikuwa na mafua. Asubuhi jua, saa nane mlima unajifunika blanketi, saa tisa mvua inashuka na upepo wa kung'oa mabati, na kabla tone la tatu halijagusa ardhi umeme umeshakwenda. Kupitia dirishani nilikuwa nawasikia madereva wa malori wakitaniana kwenye foleni ya mpakani. "Stima imerudi?" "Imerudi, lakini imepitiliza Kongo." Kundi langu la kwanza la mayai lilikaa sandukuni siku tano tu, dhoruba ikalaza nguzo tatu barabarani, na tukakaa gizani siku tisa. Mtu mwenye akili angeyatupa. Mimi moyo ulikataa. Niliendelea kuyageuza asubuhi, mchana na jioni, nikiyaambia maneno mazuri. Yai la kwanza lilipasuka siku ya maombi ya nyumbani, sebuleni kwetu, wakati mzee wa kanisa anaomba mvua ipungue. Likasema pu! Mzee akadhani amejibiwa, akapandisha sauti. Kisha harufu ikamfikia, na kila mtu akasema amina kabla sala haijaisha.

Kundi la pili liliuawa na neema. Umeme ulirudi baada ya siku mbili za mvua, lakini ulirudi kwa nguvu kama mtu aliyekasirishwa mahali pengine. Balbu ziliwaka nyeupe kama macho ya mgonjwa wa homa, na mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi, Zaituna alikuwa amekaa mlangoni ananingoja. Zaituna alikuwa jirani yangu, mke wa dereva wa lori, mpishi wa sambusa, na mtu asiyejua kuficha kicheko. "Hongera, Mbambu," akasema. "Umetotoa mayai ya kuchemsha. Leta sahani, chumvi ya Katwe iko kwangu."

Mukaka hakucheka. Jioni ile tulikula bundu na samaki mkavu, na alipomaliza kunawa akaniambia nikae. Mjomba wangu, aitwaye Kule, alikuwa ametuma ujumbe kutoka Bwesumbu: magugu yamefunika maharage, mikono haitoshi, na msichana mkubwa anayecheza na mayai mjini arudi akashike jembe. Mimi sikuchukia jembe. Lakini nyumbani kwa Mjomba hakukuwa na soketi, wala mtu wa kumweleza jambo lisilokuwapo bado. Huko juu ndoto zangu zilikuwa zinaingia kulala saa moja pamoja na mbuzi. Na nilijua nikipanda mlima safari hiyo, sanduku langu litakuwa kuni.

"Nimemwambia aje kukuchukua mwisho wa mwezi," Mukaka akasema. Akaona uso wangu, akatazama kando. "Jaribu mara moja ya mwisho. Sitaki kuku elfu. Kifaranga kimoja tu. Kikitoka kimoja, unabaki. Kisipotoka, unapanda na mjomba wako, na sitaki kilio."

Niliweka mayai thelathini na mawili, kila moja na alama ya msalaba upande mmoja na duara upande mwingine, nisisahau lipi nimegeuza. Siku ya saba nilifunga madirisha, nikamulika yai moja kwa simu ya tochi. Ndani kulikuwa na mishipa myekundu imetawanyika kama mito ya mlimani, na katikati doa dogo jeusi linalorukaruka. Nilipiga kelele mpaka Zaituna akaja na mwiko mkononi. Nikamwita Mukaka aje aone. Akasema hana muda wa sinema. Nikamsogezea kwenye kiti chake. Akatazama. Akatazama tena, ameinamisha kichwa. "Zima hiyo taa," akasema. "Unamchoma macho." Umeme ulikatika mara nne katika wiki hizo, saa mbili hapa, saa tatu pale, na kila mara nilifunika sanduku kwa mablanketi yetu yote na kuweka chupa za maji ya moto ndani, halafu nilibandika yai kwenye kope la jicho kupima joto, kama alivyotufundisha yule bwana wa tai fupi. Tulifika siku ya kumi na nane. Zilibaki siku tatu. Ilikuwa Alhamisi.

Mchana wa Alhamisi hiyo mvua haikunyesha Bwera. Ilinyesha juu, mlimani, na hiyo ndiyo mbaya. Tulikuwa tunamenya mihogo tukasikia mto Lhubiriha unabadilisha sauti, kama watu wengi wanaoviringisha mapipa matupu, na hayo yalikuwa mawe. Taa ya sanduku ikazimika. Kisha watu wakaanza kupita barabarani mbio, magodoro kichwani, mmoja amebeba televisheni kama mtoto mgonjwa. Mukaka alichukua Biblia na sufuria. Mimi nilijitwika sanduku limefungwa blanketi, na Zaituna, mume wake akiwa safarini, akaja nyuma na chupa ya chai akipiga kelele, "Njia! Pisheni mzazi!" Tulipofika shule ya msingi kwenye kilima, nyuma yetu maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanaingia nyumba za mstari wa chini, na yetu ilikuwa ya tatu.

Mlangoni mwa darasa la nne alisimama askari mmoja mnene, daftari mkononi, anapanga watu. "Ingia! Wanawake upande hii, wanaume upande ile, mbuzi nje! Wewe, hii sanduku iko na nini?"

"Mayai, afande."

"Chakula inaenda jikoni."

"Si chakula, afande. Kuna watoto ndani."

"Watoto iko ngapi?"

"Thelathini na wawili."

Akaandika. Halafu kalamu ikasimama, akaninyanyulia macho, akafungua blanketi kidogo kwa kidole, akaweka sikio. Sijui alisikia nini. Alifuta alichoandika, akasema kwa sauti ya chini, "Pita. Lakini kama italia usiku, ni juu yako."

Nguzo zilikuwa zimelala mpaka njia ya Kasese, na makaa yote ya jirani yalikuwa yamelowa. Nilikaa chini ya ubao, ambapo mwalimu alikuwa ameacha hesabu za kugawanya, nikabandika yai kwenye kope. Lilikuwa linapoa. Nikaanza kulia. Zaituna akachuchumaa mbele yangu. "Acha ujinga. Kuku anatumia soketi? Anatumia kifua. Hapa kuna vifua mia moja."

Ilikuwa kweli, lakini vifua hivyo vilikuwa na njaa. Watu hawakuwa wamekula tangu asubuhi, na mchukuzi mmoja wa mpakani, Papa Paluku wa upande wa Kongo, alikuwa analitazama sanduku langu kwa upendo. "Ile mayayi iko na roho ndani?" akauliza. "Kwetu, mutu akikuwa na njaa, yayi haiulizwe kama iko na roho." Ndipo nikawaza jambo ambalo nililiona la akili sana. Bibi zetu wa zamani walikuwa na mwiko: mwanamke hali kuku, wala yai. Waliambiwa hivyo wakiwa wadogo, na mpaka wanazeeka yai kwao lilikuwa sawa na jiwe la mtoni. Basi nani katika kambi ya wenye njaa anaweza kukabidhiwa yai na asilile? Nilizunguka darasa lote nikichagua vikongwe. Walinicheka, wakaniita mwendawazimu, wakanyoosha mikono. Mayai mawili kwa huyu, matatu kwa yule, ndani ya blauzi, chini ya kitenge, ngozi kwa ngozi. Mukaka pekee alikataa. "Mimi si kuku," akasema, akageukia ukuta.

Ijumaa asubuhi jiko la shule lilipika uji. Katikati ya foleni nikasikia mlio, na watu wakakimbilia kwa Mama Yeremia. Huyu alikuwa bibi mpole kuliko wote, mwenye meno mawili na sauti ya kwaya, na nilimpa mayai mawili nikiwa na imani kamili. Alikuwa amelitumbukiza moja ndani ya kikombe cha uji unaotokota, akangoja, akalipasua ukingoni mwa dawati. Kilichokuwa ndani kilikuwa tayari na mdomo na manyoya.

"Lakini mama," nikamwambia nikilia, "nyinyi si hamli mayai?"

"Mimi nimeokoka, mwanangu!" naye akalia kunishinda. "Miiko yote niliacha siku ile ile niliyoacha pombe. Nakula mayai miaka kumi na mitano!" Alikizika kifaranga kile mwenyewe nyuma ya darasa, kwa wimbo, beti zote. Kisha akaja mbele yangu akafungua mkono. "Nipe mwingine. Sitatikisika tena." Na hakutikisika. Kuanzia saa hiyo alilala ameketi, na mtu akikohoa karibu yake alimtolea macho. Nilihesabu mayai yote upya. Yalipaswa kuwa thelathini na moja. Yalikuwa thelathini. Nikamtazama Papa Paluku, naye akanionyesha viganja vitupu. Sikumwamini. Nakiri kwamba kwa siku mbili nilimchunguza hata mdomo anapopiga miayo.

Nikikumbuka siku zile sasa, naona kwamba watu wale walikuwa wamepoteza magodoro, mbuzi, magunia, wengine kuta za nyumba, na hakuna aliyejua atakachokikuta akirudi. Nadhani ndiyo sababu walishikilia kile kidogo nilichowapa. Siwezi kulieleza vizuri, sikusoma hayo. Ninachojua ni kwamba darasa zima liliacha kuzungumzia maji likaanza kuzungumzia mayai. Ijumaa saa ya sala Zaituna, ambaye naye alikuwa amejitwalia mayai mawili, alinikabidhi yake, akaswali, akayachukua tena na kuuliza kama nimeyasalimia. Jumamosi ikazuka kesi. Bibi mmoja Msabato aliamka na wasiwasi kama kuatamia yai siku ya Sabato ni kazi.

"Ni kazi," akasema mmoja. "Kuku anachoka."

"Si kazi. Anakaa tu."

"Kuku wako wewe siku ya Sabato anasimama?"

Yule Msabato akafikiri. "Hapana. Anaendelea."

"Basi. Unataka kuwa mtakatifu kuliko kuku?"

Hata afande alikuja akachukua moja, akaliweka ndani ya sweta, akatuambia ni kwa ajili ya usalama. Tangu hapo alitoa amri zake zote kwa kunong'ona.

Jumapili ilikuwa siku ya ishirini na moja. Kulipokucha niliweka sikio kwenye kila yai. Kimya. Niliwaambia wale bibi kwamba bado mapema, nikicheka sana, na wao wakacheka sana, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Saa tatu mlango ukazibwa na mtu mwenye gambuti za matope mpaka magotini. Mjomba Kule. Alikuja kwa bodaboda mpaka barabara ilipokatika, akamalizia kwa miguu. Alimwamkia mama yake, akanitazama mimi, akatazama sanduku.

"Nimepita nyumbani kwenu," akasema. "Matope yako dirishani. Twendeni juu, boda inangoja. Mama utapumzika, na huyu maharage yanamngoja. Hiyo mbao waachie watu wapikie."

"Mjomba, leo ndiyo siku yenyewe. Mpaka jioni tu."

"Kimetoka kifaranga?"

Nikatikisa kichwa.

"Mama, si ndivyo mlivyokubaliana?"

"Nilisema hivyo," Mukaka akajibu kutoka pale ukutani, taratibu sana. "Neno ni neno."

Niliinuka. Sikulia, maana alikuwa amenikataza. Nilianza kwa Mama Yeremia, nikapiga magoti mbele yake, nikanyoosha mikono. Alikataa kunipa. Nikamwendea wa pili, akatoa yake moja moja, ameyafuta kwa kanga kama vikombe vya wageni. Nje matone yalikuwa yanaanguka kutoka batini. Zaituna alikuwa amejifunika uso. Mjomba alikunja mablanketi yetu, akafunga sufuria kwa kamba, akamwendea mama yake.

"Haya, Mama. Simama."

"Siwezi."

"Miguu inauma?"

"Miguu ni mizima."

"Sasa tatizo nini? Boda inangoja."

Mukaka alikuwa ameketi wima kama mtu anayepigwa picha, mkono mmoja ndani ya blauzi, upande wa moyo, macho juu kwenye paa. Sikuwahi kumwona na sura ile. "Nyamaza, Kule," akasema. "Kuna mtu anapiga hodi."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Papa Paluku akapiga paja lake. "Yayi yangu!" akapaza sauti. "Ile moja munasema nilikula! Mademoiselle, iko pale kwa mukubwa!" Nikamwomba msamaha mbele ya watu wote, naye akakataa kuupokea mpaka aone mwenyewe. Afande akasahau kunong'ona: "Kimya! Mutu asipumue!" Watu mia moja wakaacha kupumua. Mukaka alilitoa yai polepole akaliweka juu ya kitenge mapajani. Lilikuwa na ufa kama nyota, na ndani ya ufa ncha nyeupe inagonga, inapumzika, inagonga. Nilitaka kusaidia kwa ukucha, akanipiga mkono. Ilichukua muda mrefu kuliko ibada. Mjomba alisimama, akachutama, mwisho akakaa chini na gambuti zake, blanketi limekunjwa mapajani. Kilichotoka hakikuwa kizuri. Kilikuwa kama soksi iliyolowa, yenye macho. Kilianguka ubavu, kikajiinua, kikamtazama Mukaka, kikamlilia yeye.

"Masika," Mukaka akasema. Ni jina tunalompa binti wa kwanza kuzaliwa.

"Utajuaje kama ni jike?" Mjomba akauliza.

"Mimi nimezaa saba. Wewe umezaa wangapi?"

Upande wa pili Mama Yeremia akapiga vigelegele bila kusogeza kifua. Zaituna naye akaanza kujishika ubavu, anacheka, anasema ametekenywa. Mjomba aliwatazama wote, akamtazama na afande aliyekuwa amefungua sweta anachungulia ndani. Akavua kofia, akajikuna.

"Na maharage, Mama?"

"Maharage utapalilia mwenyewe," Mukaka akamwambia, na akakifunika kile kitu kwa kiganja. "Huyu ana watoto wa kulea."